Kawaida, Spoti na Mgongo Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeamua kununua gari, na kwa kuwa nyumbani hakuna wa kubishana naye, nitabishana na daftari hili mpaka mvua ziishe.

Mvua zenyewe zimeanza leo, kwa fujo, bila hata kubisha hodi. Mdogo wangu alinipitia saa moja kasorobo asubuhi kunipeleka kazini, kama anavyofanya kila siku kwa miaka sita, tangu nifiwe na mume. Gari lake lina umri wa kuoa. Tulipofika kwenye dimbwi la mbele ya kiwanda cha magodoro likakohoa mara mbili, likazima. Yeye akashuka kusukuma, mimi nikashuka kusukuma, na nikafika karakana viatu vimejaa maji. Nimechonga meno siku nzima miguu ikiwa ndani ya mifuko ya plastiki.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Nina miaka hamsini na minne, mgongo wa miaka sabini, na akiba ambayo marehemu alikuwa akisema tutajengea chumba cha wageni. Wageni wenyewe hawaji. Nitanunua gari.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia mdogo wangu. Alitabasamu mpaka nikayaona meno yake yote. Moja la nyuma linataka kuzibwa.

Alhamisi, 6 Machi

Amekuja na karatasi. Anasema kuna gari moja tu linalotufaa, dogo, la kwendea kazini, halinywi mafuta, ila linatoka kwa namna mbili: la kawaida na la spoti. Neno "kawaida" alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa wa jirani.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekwenda yadi ya magari. Yamebaki mawili tu, yamesimama ubavu kwa ubavu, yote meupe, na muuzaji amekubali kutuwekea mpaka mwisho wa Aprili. Muuzaji ni msichana mwenye viatu virefu na sauti ya kusoma taarifa ya habari. Kwa mbali magari ni mapacha. Kwa karibu, Kawaida limeinuka, tairi zake nyembamba, viti bapa kama benchi la zahanati, gia tano. Spoti limeinama, tairi nene, gia sita, viti vina mbavu za kukushika pande zote mbili, na usukani umeshonwa kwa uzi mwekundu. Nyuma lina mabomba mawili ya moshi. Niliuliza la pili lina kazi gani, mdogo wangu akanivuta mkono.

Muuzaji alisema yote ni "nyeupe ya lulu". Sasa mimi hutembea na kipimo changu cha rangi za meno mkobani, vijino kumi na sita kwenye fremu, sitoki bila hicho. Nikakiweka kwenye boneti. Kawaida lina weupe wa mtu mzima anayekunywa chai. Weupe wa Spoti hakuna binadamu aliyewahi kuzaliwa nao. Muuzaji alicheka kwa moyo, lakini kila nilichouliza alijibiwa mdogo wangu. Yeye ndiye aliyekaa nyuma ya usukani katika magari yote mawili, akizungusha gia. Mimi nilikaa pembeni nikifungua na kufunga droo ya dashibodi. Ni droo nzuri.

Jumapili, 9 Machi

Binti yangu amepiga simu. Ni mfamasia, yuko mji mwingine na mumewe, na ushauri wake wote ni wa kutwa mara tatu. Anasema nichukue Kawaida. Kwa umri wangu nataka gari la juu, laini, la kuingia na kutoka bila kuinama. Spoti ni la Mjomba, anataka kuringia mtaani. Nikasema nitafikiri. Akasema nisifikiri sana, presha.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Mdogo wangu: Spoti. Binti yangu: Kawaida. Mimi: seti mbili za juu, moja ya chini.

Ijumaa, 14 Machi

Leo alikuja mwalimu mkuu mstaafu kujaribu meno yake. Kabla ya kuyamaliza, mimi huyapanga kwanza kwenye nta, mteja anayavaa na kuongea nayo. Namwambia ahesabu kuanzia sitini. Meno yakiwa marefu mno, kwenye sitini na sita yanapiga mluzi. Alikuja na binti yake, na binti akawa anataka mama apewe meno meupe zaidi, madogo zaidi, yaliyonyooka kama ukuta.

Karakana yangu ina sheria moja: siku ya nta, jamaa wote wanasubiri nje. Miaka ishirini na tisa sijaivunja, wala kwa mke wa mkubwa yeyote. Mtoto anamchagulia mama meno ya kupigia picha, na mama ndiye atakayetafuna nayo. Nikamtoa binti. Mama akabaki na kioo, akajitazama sana, kisha akaniomba kwa upole nimrudishie mwanya aliokuwa nao toka usichana. Nikamrudishia. Alihesabu mpaka themanini bila kuombwa.

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nilikuwa natenganisha mchele na mawe ndipo likanijia. Wiki nzima jamaa zangu wako ndani ya chumba na mimi mwenye mdomo niko nje. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini kinyozi huyu hata kwenye kiti hakukaa. Wote wawili wanabishana juu ya gari langu, na hakuna aliyeniuliza nani ataliendesha. Na mimi sikujiuliza.

Nataka kuendesha mwenyewe. Nataka mno, mpaka nimeona aibu kuliandika.

Jumatatu, 17 Machi

Nyuma ya karakana kuna shule ya udereva. Mwalimu wake ni dereva mstaafu wa malori, wanafunzi wanamwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno lake kwa kila hali. Tumepatana saa ya chakula cha mchana, kila siku ya kazi. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 18 Machi

Nimezima injini mara tisa.

Jumatano, 19 Machi

Mara saba.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Mara saba. Taratibu alisema, "Taratibu."

Ijumaa, 21 Machi

Mara mbili! Nimejinunulia viatu bapa na nimekula keki peke yangu.

Jumatano, 26 Machi

Mdogo wangu ameniuliza mbona asubuhi hizi natazama miguu yake anapoendesha. Nikamwambia soksi zake haziendani. Akatazama, na kweli hazikuendana, moja ya kahawia na moja nyeusi. Mungu humsaidia mwongo mwenye bahati.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekasirika na nitaandika nikiwa na hasira, nisije kesho nikajifanya mpole.

Mdogo wangu alinipeleka tena yadi, akaomba kulijaribu Spoti barabarani. Yeye akaendesha, mimi pembeni, muuzaji nyuma. Gari lilinguruma, tukapita malori mawili kwenye mlima, na yeye uso unamng'aa kama aliyepata mtoto. Akasema, "Dada, kwa chuma hiki tutakuwa tunafika dakika tano kabla." Tutakuwa. Kila kitu ni sisi. Msoma mita za maji, mtu mzima, mkewe anamsubiri nyumbani, anataka kuungurumisha akiba ya shemeji yake mbele ya kiwanda cha magodoro. Binti yangu amesema kweli, ni la kuringia.

Nilimwambia kichwa kinauma. Akanirudisha na kunichemshia chai, na chai yake nayo iliniudhi.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua siku ya nne mfululizo. Leo nimepaki kinyumenyume kati ya mapipa mawili. Pipa moja limebaki na alama yangu.

Jumanne, 8 Aprili

Taratibu alisema leo tunaingia mjini. Nilidhani anatania.

Gari la shule lina waipa moja inayofanya kazi, nayo iko upande wa mwalimu. Mvua ilikuwa kubwa. Tulifika kwenye mzunguko wa soko, nikasimama kusubiri nafasi. Nafasi ikaja, nikaitazama ikapita. Ikaja nyingine. Nyuma honi zikaanza, moja, tatu, kisha zote. Nikaachia klachi kwa pupa, gari likaruka, likaingia katikati ya mzunguko na kuzima pale pale, limekaa mshazari, limeziba pande zote. Nikawasha, likazima. Nikawasha, likazima. Mtu wa mkokoteni alinipita kando akaniamkia shikamoo, na ile heshima ndiyo iliyotaka kunitoa machozi.

Kisha gari moja likasimama kando yangu, kioo kwa kioo, na hata kabla ya kutazama nililijua kwa kikohozi chake. Mdogo wangu alikuwa katika mizunguko yake ya kusoma mita. Tukatazamana kupitia mvua. Uso ule sikuwahi kumwona nao tangu siku ya mazishi. Sikujua kama ni hasira au ni nini.

Hakupiga honi wala hakushusha kioo. Alirudi nyuma kidogo, akawasha taa za tahadhari, akaliweka gari lake mshazari nyuma yangu, akayakinga magari yote ya soko yasinisogelee. Wakamtukana yeye. "Taratibu," alisema Taratibu, na safari hii alisema kama mtu anayeomba dua. Niliwasha. Likawaka. Nikaondoka polepole, na kwenye kioo nikamwona mdogo wangu bado yuko pale anapigiwa honi na mji mzima.

Sasa nimekaa kitandani mapema. Nilitaka nimwambie mwenyewe, siku ya leseni, nikiwa nimevaa vizuri.

Jumatano, 9 Aprili

Amenipitia. Hakusema neno. Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Amenipitia. Amesema, "Funga mkanda." Nilikuwa nimeufunga.

Ijumaa, 11 Aprili

Kimya. Hata Spoti halitaji. Naukumbuka mdomo wake ulivyokuwa haunyamazi, na mimi nilivyokuwa nauombea unyamaze.

Jumatatu, 14 Aprili

Mungu ana njia zake. Leo daktari aliniletea mteja wa meno matatu ya juu, na mteja ni mkuu wa idara ya maji, bosi wa mdogo wangu. Alipojua mimi ni nani akanitazama kama mtu aliyekutana na msemo aliousikia sana. "Kumbe dada ndiye wewe," akasema. Mara mbili wamempa mdogo wangu usimamizi wa tangi kuu, kule mlimani, ofisi yake mwenyewe na watu sita chini yake. Mara mbili amekataa. Kazi ya tangi inaanza saa moja kamili, na yeye huwaambia saa hiyo hawezi, ana dada wa kumpeleka kazini. Mara ya mwisho ni mwaka jana. Sasa nafasi imekuwa wazi tena, na safari hii wakikataliwa watatafuta mtu wa nje.

Nilimchukua vipimo vibaya. Imebidi arudi Alhamisi.

Nimesoma niliyoandika tarehe ishirini na tisa Machi. Nilitaka kuuchana ukurasa, kisha nikauacha uniaibishe.

Jumanne, 15 Aprili

Alinifikisha mlangoni pa karakana. Mvua ilikuwa inapiga paa, sikushuka.

Nikamwambia, "Mkuu wako alikuwa kwenye kiti changu jana."

Akazima injini, ingawa ilikuwa imeshazima yenyewe. "Amesema nini?"

"Amesema unakataa kazi kwa sababu yangu. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema nenda."

"Ningesema nenda."

"Sasa je?"

Akafuta kioo kwa kiganja, pale pale, ingawa ukungu ulikuwa umeshatoka. Kisha akasema, bila kunitazama, "Siku tuliyomzika shemeji ulisema usiku unauweza, asubuhi ndiyo huiwezi. Nikasema asubuhi niachie mimi. Basi nimezoea. Nilipokuona pale kwenye mzunguko, dada, nilijivunia mpaka nikaogopa. Ukijiendesha, asubuhi nitakuja kwako nafuata nini?"

Nililia. Yeye pia, ila alisingizia kuvuja kwa gari, na kweli lilikuwa linavuja. Nilimwambia asubuhi naiweza sasa, na ni yeye aliyeniwezesha, safari moja baada ya nyingine. Nilimwambia sijamchoka, nataka tu kushika usukani wangu. Nikamwambia akachukue kazi yake kabla sijamwendea mkuu wake mwenyewe, na yule mtu kwa sasa hana meno ya kunibishia.

Ndipo nilipouliza habari ya Spoti, kama ni kweli alilitaka la kuringia. Akashangaa. Akasema Kawaida lina breki za zamani magurudumu ya nyuma, Spoti lina breki za diski magurudumu yote manne, na linasimama hata kwenye maji. "Langu linakuzimikia kwenye dimbwi kila mwaka. Nilitaka ukae kwenye kitu kinachoshika." Kisha, kwa sababu ni mdogo wangu, akaongeza, "Na mngurumo nao, dada. Siwezi kudanganya."

Nilichelewa kazini dakika arobaini. Siku yangu yote imekuwa nyepesi.

Alhamisi, 17 Aprili

Mkuu amerudi, nimemchukua vipimo vizuri. Amesema barua ya kukubali imefika. Mdogo wangu anaanza tangi kuu katikati ya Mei.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemuuliza Taratibu, yeye angechukua lipi, Kawaida au Spoti. Alitafuna kijiti chake mpaka tukavuka taa mbili. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema. Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kunipa.

Alhamisi, 24 Aprili

NIMEPATA LESENI. Mtahini aliniambia ninaendesha kama mtu anayebeba mayai. Nikamwambia asante. Taratibu amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo ilikuwa siku yangu ya nta.

Asubuhi nilizima simu, ili binti yangu asinichagulie kwa mbali. Mdogo wangu alinileta yadi, na getini nikamwonyesha benchi. Nikamwambia sheria anaijua, jamaa wanasubiri nje. Akakaa, mikono kati ya magoti, kama mtu anayesubiri mkewe ajifungue. Muuzaji akaanza kumweleza habari za mafuta. Nikamgusa begani, nikamwambia, "Mwanangu, mnunuzi ni mimi. Na dereva ni mimi." Aligeuka, na tangu hapo hakunipa kisogo tena. Kumbe hakuwa mbaya, hakuwa ameambiwa tu.

Nilikuja na chupa ya chai yenye maji ya moto na karatasi nne za nta ya pinki. Ndivyo nifanyavyo kazini kujua fizi inaguswa wapi na wapi inaelea: unailainisha nta, unaiweka, unabana, unasoma alama. Sikuona kwa nini mgongo uwe tofauti. Nikatandika karatasi mbili kwenye kiti cha Kawaida, nikaweka aproni juu yake, nikakaa.

Kawaida nililiendesha robo saa. Ni gari jema. Linapita juu ya matuta bila kulalamika, unaona mbali, na usukani wake ni mwepesi, unazunguka kwa kidole. Hapo ndipo liliponishinda. Mimi mkate wangu uko kwenye ncha za vidole. Nimezoea kuhisi unene wa unywele kwenye nta, na ndani ya Kawaida nilikuwa nazungusha tu, sijui tairi ziko wapi wala barabara inasema nini. Ilikuwa kama kuchonga jino nimevaa glavu za kuoshea vyombo. Niliporudi nikaisoma nta. Mgongo wangu uligusa sehemu mbili, mabegani na chini kabisa. Katikati, panaponiuma kila jioni, nta ilikuwa laini vile vile, haikuguswa.

Nikahamia Spoti na karatasi nyingine mbili. Kuingia kulinitoa jasho, binti yangu ana haki yake hapo. Lakini nilipokaa, kile kiti kilinipokea. Nikakanyaga klachi, nzito kidogo, nikatoka getini, na kabla ya kona ya kwanza mikono yangu ilikuwa imeshajua. Kila kokoto nililihisi. Nilijua tairi ya kushoto iko wapi kama ninavyojua kidole changu gumba kiko wapi. Mvua ikaanza, nikakanyaga breki kwenye maji makusudi, likasimama wima. Muuzaji akashika mlango. Kwenye mlima nikaingiza gia ya tatu na kukanyaga, na nikasikia mtu anacheka kwa nguvu ndani ya gari, na huyo mtu ni mimi. Sijacheka hivyo miaka sita. Kwenye tuta moja tumbo la gari likakwaruza, nikasikia uchungu kama ni tumbo langu. La pili nikalipita mshazari, taratibu.

Niliposimama tena yadi nilikuwa nimeshaamua. Nasisitiza hapa, kwa sababu mdogo wangu tayari anaeneza habari nyingine. Nilikuwa nimeamua, nikamwambia muuzaji, "Hili," ndipo nikasimama ili nisome nta, na nta haikuwepo. Miaka ishirini na tisa ya kazi, na nilisahau jambo analolijua mwanafunzi wa wiki ya kwanza: nta ukiiacha kwenye joto haichukui alama, inayeyuka. Ilikuwa chini ya mgongo wa moto wa mama mzima kwa dakika ishirini na tano. Imepenya aproni, imeingia kwenye kitambaa cha kiti, pinki tupu, na ipo kwenye gauni langu kuanzia kiunoni kushuka.

Muuzaji alikitazama kiti. Akanitazama. Sauti ya taarifa ya habari ilimpotea kabisa. "Mama, hilo sasa ni lako kweli," akasema. Tulicheka mpaka akavua vile viatu virefu akakaa chini. Mdogo wangu akatoka mbio kwenye benchi akidhani nimemgonga mtu.

Nilimweleza naondoa mwenyewe, kwa barafu, kisha karatasi na pasi ya uvuguvugu, ni kazi ya nusu saa. Mdogo wangu alizunguka gari mara tatu, akagusa bomba la pili la moshi, akarudi kusimama karibu yangu. Hakuniomba ufunguo. Nilimwona anavyojizuia, na nikampenda zaidi kwa hilo.

Jumapili, 27 Aprili

Binti yangu: "Mama! Spoti?" Nikamwambia habari ya mgongo, ya nta na ya breki. Akauliza kama nikija kumtembelea nitampa aendeshe. Nikasema nitafikiri.

Jumamosi, 3 Mei

Limelala nyumbani. Barabara ya kwetu ina matuta kumi na moja, nayapita yote mshazari, majirani wanadhani nacheza ngoma. Kiti kimetoka safi, ila ukikitazama kwa pembeni kina wekundu kidogo.

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda kazini peke yangu. Nimefika. Nimekaa ndani ya gari dakika tano nikitabasamu kama mjinga.

Ijumaa, 9 Mei

Saa moja kasorobo leo nilijikuta nimesimama dirishani na mkoba, namsubiri.

Jumatano, 14 Mei

Gari la mdogo wangu limekufa rasmi, fundi amelivulia kofia. Amesema ataomba lifti kwa mwenzake mmoja kwenda tangi kuu Jumatatu, nisijali. Nikaweka saa ya kuamkia.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua zimekwisha. Asubuhi hii anga ilikuwa kavu na barabara zimeoshwa.

Saa kumi na mbili na dakika tano nilikuwa nje ya nyumba yake. Nilipiga honi mara moja, ndogo. Alitoka na shati jipya na mswaki mdomoni, akasimama kizingitini. Nikamfungulia mlango wa abiria kutoka ndani. Mkewe alikuwa dirishani anacheka, yeye ndiye aliyenisaidia kuficha: alimwambia mumewe ameshamwombea lifti, na yule mwenzake hakuwa ameombwa chochote.

Hakusema asante, wala mimi sikuitaka. Alikaa, akafunga mkanda, akaniambia punguza hapa, ingiza ya tatu, angalia baiskeli. Mimi nikasema ndiyo, ndiyo, nimeiona. Tulipita mbele ya kiwanda cha magodoro na akaanza kunisimulia watu wake sita wapya, majina ya utani aliyokwishawapa kabla hata hajawaona. Kisha mlima ukaanza, na maneno yake yakawa machache, na kufikia kona ya pili hayakuwepo. Nikageuka kidogo. Amelala. Kichwa kimeegemea ule ubavu wa kiti, mdomo wazi, jino lile la nyuma bado halijazibwa. Mtu aliyeamka kabla ya jogoo kwa ajili yangu miaka sita, amelala ndani ya gari ninaloendesha mimi.

Tulifika tangi kuu saa moja kasorobo. Mlinzi akafungua geti. Kuna barabara ndogo inayolizunguka tangi lote, ya lami nzuri, haina tuta hata moja. Nikaipita ofisi yake, nikaweka gia ya pili, nikazunguka. Nikazunguka tena. Jua lilikuwa linatoka na mlinzi alikuwa ananitazama kila nilipopita, mara ya tatu akanipungia mkono.

Dakika tano kabla ya saa moja nilisimama mlangoni na kumgusa bega. Akashtuka, akauliza kama tumefika.

"Tumefika zamani," nikamwambia.